Chupa Si Cheo: Shauri kwa Aanzaye Kunywa



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, za likizo, za nyumba na za malipo ya uzeeni. Ni vyema, maana ndiyo mambo yaliyotukusanya. Leo naomba nafasi niseme juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo hula mshahara ule ule tunaoupigania, na pengine humla na mpokeaji wake pia: yaani namna kijana wetu achaguavyo kileo chake cha kwanza.

Jambo hili husemwa kwa ndimi mbili tu. Ulimi wa kwanza husema, "Usinywe," ukaishia hapo. Ulimi wa pili husema, "Njoo tunywe," nao ukaishia hapo. Kati ya ndimi hizo yuko kijana aliyepata kazi juzi, mwenye mshahara wa kwanza mfukoni, aliyealikwa na wakubwa wake jioni ya mwisho wa mwezi. Ameketi mezani, mhudumu amesimama akingoja jibu, wala hapana mtu aliyemweleza hata siku moja tofauti ya kinywaji hiki na kile. Basi hutazama chupa iliyo mbele ya mkubwa wake, akasema, "Niletee kama ile." Hivyo ndivyo wengi waanzavyo. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, nami nasema lele ya namna hii haitoi ngoma njema.

Kwanza niweke mpaka wa maneno yangu. Sisemi na mtoto. Sheria za nchi zetu zimeweka miaka 18, na sheria hiyo ina maana. Sisemi na yule ambaye dini yake imemkataza, wala mama mwenye mimba, wala mgonjwa aliyeonywa na tabibu, wala mtu asiyependa tu. Hao wamekwisha kuchagua, na uchaguzi wao ni kamili, hauhitaji kutolewa sababu mbele ya mtu. Nasema na mtu mzima aliyekwisha kuazimu mwenyewe kuonja, ambaye tusipomshauri sisi atashauriwa na yeyote aliye karibu naye.

Kwa nini kijana huyu hutazama chupa ya mkubwa wake? Sababu yake ni ya zamani kuliko yeye. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalifanya mapatano mjini Brussels, na pamoja na mambo mengine yakaweka vizuizi juu ya biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digrii 20 kaskazini ya Ikweta hata digrii 22 kusini yake. Mwaka 1919 yakafuata mapatano mengine ya Saint-Germain-en-Laye, yakaendeleza njia ile ile. Serikali za kikoloni zikatunga sheria zao kwa kufuata rangi za watu. Mzungu aliweza kuagiza wiski barazani kwake, na Mwafrika alikatazwa. Katika Kenya hata bia ya chupa haikufunguliwa kwa Mwafrika mpaka miaka ya 1940, na vileo vikali vikangoja mpaka miaka ya 1950. Pombe ya kienyeji ndiyo aliyoachiwa, nayo katika miji mingi aliinywea katika kilabu cha manispaa, na faida yake ikaingia katika mfuko wa manispaa hiyo hiyo.

Basi chupa ikawa kama cheti. Karani aliyesoma, aliyeandika barua za serikali kwa mkono mzuri, alijua ya kuwa kile anywacho bwana wake yeye amenyimwa, si kwa sababu ya afya yake, bali kwa sababu ya ngozi yake. Alidai aruhusiwe, na dai lake lilikuwa la haki, maana mtu anyimwaye kitu kwa ajili ya rangi yake ana haki ya kukidai hata kama hatakitumia kamwe. Walakini haki ilipopatikana, desturi mbaya ilibaki nyuma yake. Hata leo mahali pauzwapo bia ya chupa twapaita baa, na pale pauzwapo pombe ya kienyeji twapaita kilabu. Karani aonekanaye kilabuni husemwa ameshuka, na yule aagizaye wiski asiyoipenda husemwa amepanda. Sheria ile imekufa zamani, ila kivuli chake bado kinatuagizia vinywaji.

Nami neno langu ni hili: aanzaye asichague kwa jina, wala kwa bei, wala kwa kutazamwa na watu. Achague kwa mambo matatu, yaani nguvu ya kinywaji, asili yake, na kipimo chake. Ini la mtu halijui vyeo. Hulijia alkoholi, yaani kile kilevya kilichomo ndani ya kila kileo, nalo huishughulikia sawasawa, ikiwa imetoka katika chupa ya dhahabu au katika kata ya kibuyu.

Tuanze na nguvu. Juu ya kila chupa halali imeandikwa asilimia, yaani sehemu ngapi katika 100 za kinywaji kile ni alkoholi. Bia zetu nyingi huwa kati ya 4 na 6. Divai, yaani kinywaji cha zabibu kama ile itokayo Dodoma, huwa yapata 12 hata 14. Vileo vikali kama wiski, jini, konyagi na waragi huwa 35 hata 40, na vingine huzidi. Sasa mtu wa hesabu afanye hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi safi, ambazo uzito wake ni yapata gramu 20. Glasi ya divai ya mililita 150 yenye asilimia 12 ina mililita 18, yaani yapata gramu 14. Kipimo kimoja cha kileo kikali, mililita 30 kwa asilimia 40, kina mililita 12, yaani gramu 9 na nusu.

Mtu aweza kusema, "Kumbe kileo kikali ndicho chepesi!" Ndivyo, kama angekunywa kipimo kimoja akasimama. Lakini tazameni ile chupa ndogo ya robo lita, iingiayo katika mfuko wa koti. Kwa asilimia 40 ina mililita 100 za alkoholi safi, yaani sawa na chupa nne kubwa za bia. Bia nne hujaza tumbo, na tumbo lenyewe humwonya mtu. Robo lita haimwonyi. Humalizwa kabla kichwa hakijapata habari, kwa kuwa alkoholi huchukua muda kutoka tumboni mpaka kwenye ubongo. Kwa ajili hiyo kileo kikali si mahali pa kuanzia, hata kama mkubwa wa ofisi ndicho akinywacho. Yeye anajua mahali pa kusimama, au anadhani anajua; wewe hujui bado.

Tena jihadharini na utamu. Kileo kikali kikichanganywa na soda, au vile vinywaji vya makopo vyenye sukari na rangi ya matunda, huficha nguvu yake nyuma ya utamu. Ulimi wa aanzaye hupenda kitu kitamu, na kwa hiyo hunywa upesi kama anywaye maji ya machungwa. Uchungu wa bia una faida yake, maana humfanya mgeni aende polepole.

La pili ni asili. Vileo vyote ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni vile vilivyochachuka tu, yaani hamira imekula sukari ikatoa alkoholi, kama bia, divai na pombe zetu za kienyeji. Hamira yenyewe hudhoofika na kufa alkoholi inapokaribia asilimia 15, basi kinywaji cha namna hii hakiwezi kuzidi sana hapo. Namna ya pili ni vile vilivyokenekwa, yaani kilichochachuka kimechemshwa, mvuke wake ukapozwa na kukusanywa. Hapo nguvu huzidi, nayo hatari ya kutojua kilichomo huzidi pamoja nayo.

Pombe zetu za kuchachuka si za kudharauliwa. Mbege ya Wachaga hutengenezwa kwa ndizi zilizopikwa na kimea cha ulezi, ikatiwa uchungu kwa gome la msesewa. Ulanzi wa Iringa na Njombe ni maji ya mianzi michanga, upatikanao hasa wakati wa mvua. Tembo la mnazi la pwani hushuka mtini likiwa tamu, na huanza kuchachuka siku ile ile. La asubuhi si la jioni, na likilala sana hugeuka siki. Hivi ni vinywaji vya watu wenye adabu zao, na anayevipenda asione haya kwa kuwa yeye ni karani. Illa vina kasoro moja kwa aanzaye, nayo ni kwamba havina asilimia iliyoandikwa. Nguvu yake hubadilika kwa siku na kwa mkono wa mpishi. Basi mwenye kuonja na aonje kwa mtu ajulikanaye, aulize imekaa siku ngapi, tena anywe kidogo kuliko adhaniavyo. Wala asidanganyike na sifa, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku hizi wako wanaotia vitu vibaya kuliko maji.

Juu ya gongo, chang'aa na kila kileo kikali cha sirini, sina maneno mawili: asiguse. Sisemi hivi kwa kudharau kitu cha kwetu. Nasema kwa sababu ya methanoli. Hiyo ni ndugu ya alkoholi, hutumika viwandani, hufanana nayo kwa rangi na kwa harufu, na ulimi hauwezi kuitambua. Wauzaji wasio na huruma huitia ili kinywaji kionekane kikali. Mwilini hugeuka sumu iharibuyo macho kwanza, na baadaye huua. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, mjini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kinywaji cha namna hiyo. Mwezi wa Februari 2024 wengine zaidi ya 10 walikufa katika Kirinyaga, na wako waliopoteza macho. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kutiwa katika chupa, lakini ile ya vichochoroni haikufuata leseni wala chupa. Mtu akinywa kitu asichokijua, kisha baada ya saa 12 au siku nzima akaona ukungu machoni, tumbo likimsokota, asilale akidhani ni uchovu. Apelekwe hospitali upesi, maana dawa iko, na saa chache zaweza kuwa tofauti ya kuona na upofu.

La tatu ni kipimo. Ini la mtu mzima huondoa alkoholi yapata gramu 7 hata 10 kwa saa moja. Kahawa haliongezei mwendo, wala maji baridi kichwani, wala kutembea. Basi bia moja kubwa yahitaji saa mbili au tatu. Aliyekunywa bia nne na kumaliza saa sita usiku, asubuhi saa mbili akiketi mbele ya daftari la serikali aweza kuwa bado anayo sehemu ya alkoholi damuni, na akipanda pikipiki kwenda kazini aweza kuipanda akiwa nayo. Wengi hawalijui hili. Hudhani usingizi umeifuta. Tena mwili wa mwanamke, kwa kuwa aghalabu una maji machache kuliko wa mwanamume, hulemewa zaidi kwa kiasi kile kile. Dada zetu makarani wasilinganishe glasi yao na ya kaka zao.

Kwa hiyo shauri langu kwa aanzaye ni fupi. Na ale kwanza chakula cha kushiba. Achague bia moja ya asilimia 4 au 5, ikiwezekana chupa ndogo, au nusu glasi ya divai. Ainywe kwa muda wa saa nzima, na maji kando yake. Kisha asimame, angoje siku nyingine. Asichanganye namna mbili katika jioni moja, maana hesabu itampotea. Kama anatumia dawa, amwulize kwanza mtu wa dawa: dawa za usingizi zikikutana na kileo zaweza kuzuia pumzi, na zile za kifua kikuu hulitaabisha ini ambalo tayari lina kazi. Kama anaendesha chombo, asionje kabisa siku hiyo. Na akiona hakukipenda, asinywe tena. Hana deni la mtu.

Najua wako watakaonipinga kwa pande mbili. Wa kwanza watasema, "Ukimfundisha kijana kuchagua, umemfundisha kunywa." Nawaheshimu, na sehemu ya neno lao ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Januari 2023 ya kuwa hapana kiasi cha kileo kisicho na madhara kabisa kwa afya, na tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wamekihesabu kileo miongoni mwa vitu vinavyosababisha ugonjwa huo. Sikuyaficha hayo, nami nayaandika hapa ili aanzaye ajue ya kuwa hata kiasi kidogo ni kidogo cha hatari, si kikombe cha dawa. Lakini kijana yule tuliyemwona mezani hakungoja mafundisho yetu. Chupa imekwisha kuagizwa. Tofauti tuwezayo kuileta ni kwamba aijue iliyo mbele yake, au asiijue.

Wa pili watasema, "Wazee wetu walikunywa wala hawakupima mililita." Ni kweli hawakupima kwa mililita, walakini walipima. Mahali pengi pombe ilinywewa kwa shughuli maalumu: mahari, mavuno, kumaliza ugomvi, kumlaki mgeni. Iliandaliwa kwa siku kadhaa, ikaisha siku ile ile, na kijana alingoja mpaka wakubwa wapewe. Kalenda ilikuwa kipimo, na mtungi ulikuwa kipimo. Sisi tumeuondoa mtungi tukaweka duka lililo wazi kila jioni, kisha twasema twafuata wazee. Serikali ya Tanzania yenyewe, mwaka 2017, ililazimika kupiga marufuku viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, kwa kuwa vilikuwa rahisi mno kwa bei hata vikaingia mikononi mwa wanafunzi. Hapo pasipo kipimo cha mila, mtu hana budi kuwa na kipimo chake mwenyewe.

Nakuja kwenye neno linalotuhusu sisi kama chama. Adui mkubwa wa kipimo ni ile desturi yetu ya zamu, iitwayo raundi. Watu sita wakiketi, kila mmoja hununua kwa wote, na kila mmoja hana budi kunywa sita ili hesabu ya heshima itimie. Kijana wa mshahara mdogo hununua raundi kwa watu wa mshahara mkubwa, na akikataa huitwa mchoyo au mshamba. Mimi naona desturi hii si ukarimu. Ni kodi isiyo na sheria, na alipaye zaidi ni mnyonge. Nimeona tarehe 10 ya mwezi watu wakizunguka ofisini wakikopa nauli, na fedha yao imelala katika chupa zilizonyweka na wengine.

Basi natoa hoja tatu, nazo naomba zijadiliwe katika mkutano wetu ujao. Kwanza, katika karamu za chama, za kuagana na za kupokea wageni, maji, chai, soda na togwa vikae meza moja na bia, mbele pamoja nayo, visiwekwe pembeni kama chakula cha wagonjwa. Pili, kila mtu aagize chake na kulipa chake, isipokuwa mwenye shughuli amekaribisha watu wazi. Tatu, hapana mwanachama atakayeulizwa sababu ya kutokunywa, wala sababu ya kunywa kimoja tu. Hoja hizi hazihitaji fedha. Zahitaji wakubwa wetu wawe wa kwanza kuzifuata, maana macho ya kijana yako juu ya chupa yao.

Zamani walituchagulia wengine tunywe nini. Leo hapana sheria ya rangi mezani petu, na kuchagua ni kwetu. Lingekuwa jambo la kusikitisha tukiupata uhuru huo kisha tukaukabidhi kwa jina lililoandikwa juu ya karatasi ya chupa.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwanachama